Risasi Tano za Ndugu

Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Mji mzima wa Kivimaa ulikuwa umelisema kwa siku mbili mfululizo, kanisani, kwenye kituo cha mafuta, hata ndani ya sauna, bafu lao la mvuke, kwamba Wendell Beaudry ndiye aliyemuua Mzee Onni Pelkonen. Na kadiri walivyozidi kulisema, ndivyo Sajini Lempi Ojala alivyozidi kuona kwamba halipo, na wala haliko njiani.

Saa tatu asubuhi aliweka mizani ndogo ya sonara juu ya meza ya Sherifu Gordon Lasko. Akafungua kichupa cha plastiki, akadondosha kipande cha shaba kwenye sahani ya mizani.

"Nini tena?" Sherifu aliuliza, mdomo umejaa pasti ya nyama na viazi.

"Risasi iliyomuua Onni. Daktari aliitoa chini ya ngozi ya mgongo."

"Najua ni nini. Nauliza inafanya nini karibu na chakula changu."

Ilikuwa ya shaba tupu kuanzia kichwa hadi kitako. Kichwa kilikuwa kimepasuka vipande vinne vilivyojikunja nyuma, mithili ya ua lililochanua. Hicho ndicho kilichomtia Wendell ndani. Watu wa Kivimaa walikuwa wamepiga kulungu kwa ledi tangu enzi za babu zao: yale madini laini ya kijivu yanayobonyea yakigonga mwili, yakamomonyoka, na mara nyingi yakabaki humo humo ndani ya mnyama. Mtu mmoja tu ndiye aliyejulikana kuhamia shaba, na alikuwa ameipigia debe mno hata walevi wa baa walijua rangi ya kasha lake.

"Greni mia na arobaini na tisa," Lempi alisoma uzito. "Kasha tulilolichukua kwa Wendell ni la greni mia na themanini."

"Imepungua njiani. Risasi hupungua."

"Ya ledi hupungua. Ya shaba haipungui mpaka ivunjike petali, hivyo vipande vilivyojikunja. Zihesabu, Mkuu."

Sherifu aliinama, akahesabu kwa kidole chenye mafuta bila kugusa. "Nne."

"Zote zipo. Hizo greni thelathini zimekwenda wapi?"

"Maabara itatuambia."

"Baada ya wiki tatu."

"Basi tutasubiri wiki tatu, naye atasubiri akiwa ndani. Saa nane mchana namfikisha kwa hakimu, na mwendesha mashtaka anaomba asipewe dhamana. Alimtishia marehemu mbele ya watu kumi na wanne. Nyayo zake ziko mpakani mwa ardhi zao. Na Onni alikutwa na chupa ya kahawa na vikombe viwili mfukoni. Mtu habebi vikombe viwili kama hana miadi."

"Nani anampelekea kahawa mtu aliyemtishia?"

"Walutheri," alisema Sherifu. "Wanapenda kupatana."

Lempi hakucheka. Alimpa kioo cha kukuzia. "Tazama katikati ya petali, pale zinapokutana."

"Naona nywele mbili. Sufu ya koti lake."

"Sufu hupinda. Ya tatu niliikunja kwa kibano, ikakatika kama bua kavu. Ndani ni tupu. Hizo ni nywele za kulungu. Halafu jeraha la kuingilia, ripoti ya daktari, ukurasa wa pili: upana wa kidole gumba. Risasi mpya huingia kwa tundu la penseli, ikachanua ndani. Hii ilimfikia Onni ikiwa imeshachanua."

Sherifu aliacha kutafuna. "Unasema nini?"

"Sisemi bado. Nipe hadi saa nane."

"Chukua. Lakini ukirudi mikono mitupu, utakwenda mwenyewe kwa Tauno Pelkonen kumwomba radhi. Umemzuilia maiti ya ndugu yake siku mbili kwa ajili ya nywele."

*

Wendell alikuwa na miaka ishirini na sita na macho ya mtu ambaye hajalala. Hakuinuka kwenye kitanda cha mahabusu.

"Krista?"

"Bado hajajifungua. Mama yake yuko naye."

"Wiki hii, Sajini. Daktari alisema wiki hii. Mtoto wangu wa kwanza aje duniani aambiwe baba yuko wapi?"

"Basi nijibu bila kuzunguka. Kwa nini ulihamia shaba?"

"Kwa sababu yake. Nesi alimwambia asile nyama iliyopigwa kwa ledi akiwa na mimba. Kuna chembe humo huzioni kwa macho. Sisi nyama yetu ni kulungu, kuanzia sasa hadi Juni. Ningempa nini, theluji?" Alijifuta uso. "Nikabadili. Wakanicheka. Onni alicheka kuliko wote, akasema nimeanza kufyatua vito vya wanawake."

"Ukasema utamtoboa."

"Nilisema nitaitoboa ndoo yake! Ndoo ya mahindi aliyoiweka mpakani kuwavuta kulungu wangu. Waulize watu hao kumi na wanne. Au walikuwa wamelewa sana hawakusikia mwisho wa sentensi?"

"Nyayo zako mpakani?"

"Nilikwenda kuitoboa ndoo. Nikaona haya, nikarudi."

Lempi aliandika. "Risasi zako ni za mia na themanini. Umewahi kutumia za mia na hamsini?"

Kijana alisita, naye Lempi alikuona kusita kwake.

"Mwezi wa tisa nilinunua kasha. Bunduki yangu ni magnamu, ya risasi nzito, haikuzipenda hata kidogo. Zikatawanyika kwenye karatasi ya shabaha kama kuku waliotupiwa jiwe. Mama Vieno wa dukani akaniambia bunduki ni kama mama mkwe, usimlazimishe chakula."

"Zilizobaki ziko wapi?"

"Hazikubaki. Nilizimaliza zote ishirini nikitafuta shabaha. Karatasi ziko ghalani, matundu yanahesabika."

Jibu hilo halikumfurahisha Lempi. Asubuhi ile uzito ulikuwa ngao ya Wendell. Sasa mwenyewe ameutoboa. Zikabaki nywele mbili. Alifunga daftari.

"Sajini," Wendell alimwita akiwa mlangoni. "Wewe unaamini nilifanya?"

"Mimi napima," alisema Lempi. "Kuamini nawaachia walioko kanisani."

*

Duka la Vieno Rautio liliuza misumari, mafuta ya taa, soksi za sufu na risasi, lakini watu walivuka kaunti mbili kuja kwa ajili ya risasi. Mama Vieno, miaka sabini na mmoja, miwani ikining'inia kwa kamba shingoni, hakumuuzia mtu kasha kabla ya kumhoji kama mfamasia: bunduki gani, unapiga kutoka umbali gani, msitu mnene au shamba la wazi, bega lako zima au bovu, nyama ataila nani.

Lempi alimkuta na mteja, mtu wa mjini, kizibao chake cha rangi ya chungwa bado kina mikunjo ya dukani.

"Nataka yenye nguvu kuliko zote."

"Unapiga wapi?"

"Kule kwenye kinamasi cha mierezi. Mita hamsini, sitini."

"Kwa hiyo unawinda kulungu au treni?" Mama Vieno alirudisha kasha kubwa rafuni, akampa dogo. "Chukua hii. Laini, inafunguka upesi, haimchani mnyama vipande. Na usimpige begani, unaharibu nyama. Haya, nenda, mlango unaingiza baridi."

Mteja alipotoka, Lempi aliegemea kaunta.

"Mama Vieno, ni nani mwingine umemuuzia shaba mwaka huu?"

"Wendell."

"Nimesema mwingine."

Mama alichukua kitambaa, akaanza kufuta kioo cha kaunta ambacho kilikuwa safi. "Mbona hujanywa kahawa? Kaa nikumiminie."

"Saa nane kijana anasimama mbele ya hakimu."

"Nasikia."

"Mkewe anakaribia kujifungua."

"Nasikia pia, mwanangu. Masikio ninayo." Kitambaa kiliendelea kuzunguka pale pale. "Niliapa."

"Kwa nani?"

"Kwa maiti."

Lempi alingoja. Alikuwa amejifunza kwamba kwa wazee wa Kivimaa ukimya hufungua mlango ambao maswali huubamiza.

"Onni alikuja mwezi wa tisa, kwa mlango wa nyuma," Mama Vieno alisema hatimaye. "Mtu mzima ananyemelea kama anayeiba mayai. Daktari alimpima damu, akamkuta na ledi. Miaka hamsini anakula kulungu, na kila mwaka kachembe kake. Akataka shaba. Akaniapisha nisiseme, kwa sababu alishamcheka Wendell mbele ya baa nzima. Nikamchagulia ya mia na hamsini, ya bunduki yake ya kipimo cha tatu-sifuri-nane. Nyepesi, inatulia vizuri humo."

"Ulimwonya?"

"Mimi simuuzii mtu dawa bila kumwambia madhara yake." Alivaa miwani, ishara kwamba sasa anasema rasmi. "Nilimwambia: Onni, ile yako ya zamani ilikuwa inalala ndani ya kulungu. Hii hailali. Inapita, na ikishapita bado ina safari. Usiipige tambarare, tafuta mahali penye kilima nyuma. Akasema, mimi nimekusikia. Nikamuuliza, na Tauno je? Akacheka. Tauno hataki hata kusikia neno shaba, akasema. Atakula tu, bila kujua anakula nini."

Lempi aliinua kichwa. "Hilo la Tauno ulilitoa wapi? Kwa nini umuulize habari za Tauno?"

"Kwa sababu ya zile tano. Umesahau ulikozaliwa?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa ameona kwa macho yake baba yake na ami yake wakifanya. Usiku wa kuamkia msimu wa kuwinda, baada ya sauna, ndugu hupeana risasi tano zilizofungwa kwenye kitambaa. Aliyepewa hafungui. Hufungua alfajiri gizani, akiwa ameshakaa kwenye maficho yake, akazipakia kwa vidole. Kuzitazama ni kumchungulia ndugu yako mkono, kana kwamba angeweza kukupa kibaya. Ndugu wa Pelkonen walipeana bila taabu yoyote, maana baba yao aliwanunulia bunduki mbili za namna moja siku moja.

"Bunduki ya Onni tuliikuta na risasi tano," Lempi alisema polepole. "Zote za ledi. Hakuna hata moja iliyopigwa."

"Hizo ni za Tauno."

"Na za Onni alikuwa nazo Tauno."

Mama Vieno aliacha kufuta kaunta. Miwani ilikuwa imeingia ukungu.

Lempi alifunua daftari penye mchoro wa siku ya tukio. Hapa mwili wa Onni, kwenye njia ya mierezi. Hatua themanini magharibi yake, kwenye theluji, shada la nywele na mnyunyizo wa damu. Kutoka hapo michirizi ikielekea kaskazini, ambako kulungu alikimbilia na kuanguka. Siku ile alikuwa ameandika pembeni: *kulungu wa mtu, hahusiki*. Aliazima rula ya kaunta. Akaiweka juu ya mwili wa Onni, akaipitisha kwenye zile nywele, akauendeleza mstari wa penseli magharibi, kwenye tambarare isiyo na kilima wala kichuguu.

Mstari uliishia kwenye kibanda cha Tauno.

Alilifuta neno *hahusiki* kwa mistari miwili, akaandika tarehe na saa pembeni.

"Alikuwa anafanya nini njiani?" aliuliza Mama Vieno. "Kituo chake cha kuwindia ni darajani, kule mbali. Siku zote ni darajani hadi saa mbili, ndipo ampelekee Tauno kahawa."

"Goti lake lilikuwa bovu, mama, alitembea polepole. Mwaka huu alianza mapema ili kahawa isipoe."

*

Mbele ya ukumbi wa mji kulisimikwa boriti ndefu juu ya nguzo mbili, na kwenye boriti hiyo kila mwaka wawindaji wa Kivimaa walitundika madume yao ya kulungu, watu wapite, wapime pembe kwa macho na waongopeane. Mwaka huu walikuwapo ishirini na mmoja. Kwenye pembe za yule wa saba palining'inizwa kofia ya Onni. Vijana walikuwa wamemkokota kulungu huyo kutoka msituni wakati gari la wagonjwa likingoja, wakamtundika kwa heshima ya marehemu, na kadi yake ilisomeka: Tauno Pelkonen, tarehe kumi na tano, saa moja na dakika ishirini asubuhi.

Lempi alimzunguka kulungu. Tundu la kuingilia lilikuwa dogo. Upande wa pili palikuwa na tundu la kutokea, la upana wa kidole gumba.

Tauno alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya boriti, ndani ya koti lake la kuwindia. Alikuwa na miaka sabini na mbili na kidevu cheupe kwa ndevu za siku mbili.

"Binti wa Kalle," alisema. "Amekiri?"

"Hapana, Mzee."

"Atakiri. Mpe njaa kidogo."

"Nimekuja kuuliza habari za kulungu wako."

"Muulize mwenyewe, anaongea kuliko mimi siku hizi." Alijaribu kutabasamu, uso ukakataa. "Risasi moja tu. Akaenda hatua arobaini, akalala. Na nyama yake safi, umeiona? Haikuchafuka hata kiganja. Onni alinipa risasi nzuri mwaka huu. Nilitaka kumwambia."

Lempi aliketi kando yake. "Zile nne zilizobaki ziko wapi?"

"Hapa hapa. Nilizitoa kwenye bunduki kungali giza la mierezi, nikazifunga, nikaanza kumfuatilia kulungu. Ndipo niliposikia watu wakipiga kelele. Koti sijalivua tangu hapo."

"Nionyeshe."

"Msimu haujaisha."

"Kwa Onni umeisha. Nionyeshe, Mzee Tauno."

Alifungua kifungo cha mfuko wa kifuani. Akatoa kitambaa cha rangi ya samawati, akakifungua juu ya goti. Jua la Novemba, lile jua hafifu lisilopasha hata mgongo wa paka, liliangukia vichwa vinne vyekundu vya shaba.

Tauno aliishika moja. Akaigeuza. Akapitisha ukucha kwenye ncha yake, mahali ambapo kwa miaka sitini ukucha wake ulikuwa umekutana na ledi laini. Haikubonyea.

"Hizi si zetu," alisema.

"Alizinunua mwezi wa tisa. Daktari alimkuta na ledi kwenye damu. Alitaka na wewe uache, akajua ungebisha."

"Mpumbavu." Sauti ilimtoka nyembamba. "Mpumbavu mkubwa. Si angesema?"

"Ungesikia?"

Tauno aliirudisha risasi kwenye kitambaa. Lempi alitoa daftari, si kwa sababu alihitaji kuandika, bali kwa sababu swali lililofuata lilipaswa kuandikwa.

"Kulungu alikuwa amesimama wapi ulipompiga?"

"Kwenye njia ya mierezi. Ubavu wazi."

"Nyuma yake palikuwa na nini?"

Mzee aligeuka, akamtazama. Swali hilo lilikuwa lake. Zamani, Lempi alikuwa na miaka kumi na miwili, bunduki nzito kuliko mkono wake, na Tauno Pelkonen alipiga magoti pembeni yake kwenye theluji akamwambia: kabla hujavuta kidole, niambie nyuma ya kulungu pana nini. Hujui? Basi huna kulungu.

"Mierezi," alisema Tauno.

"Na nyuma ya mierezi?"

"Onni alikuwa darajani." Alisema tena, kwa sauti ya juu, hadi watu wawili upande wa pili wa barabara wakageuka. "Onni alikuwa darajani! Na ledi ingelala mle mle! Miaka sitini inalala mle mle!"

"Alikuwa hatua themanini nyuma ya kulungu, na chupa ya kahawa. Vikombe viwili, Mzee. Kimoja kilikuwa chako."

Upepo ulizungusha kulungu mmoja baada ya mwingine kwenye kamba zao. Tauno alifunga kitambaa, akakifungua, akakifunga tena.

"Nani anajua?"

"Mimi. Mama Vieno nusu. Saa nane hakimu atajua yote."

"Yule kijana ana nguvu. Angetafutiwa wakili. Miaka miwili, mitatu, wangegundua hawana kitu, wangemwachia."

"Mkewe anajifungua wiki hii."

"Ningeweza kuishi na Wendell!" Aliushika mkono wa koti la Lempi. "Hunielewi? Nilikuwa na mtu wa kumchukia. Asubuhi naamka, namchukia, nakunywa kahawa, siku inakwenda. Sasa nitaamka na nani? Ungeniachia, Lempi. Nilikufundisha kushika bunduki, baba yako nilimbeba mimi hadi kaburini, ukashindwa kuniachia hilo moja."

Lempi aliufungua mkono wa mzee kwa upole, kidole baada ya kidole. Alichukua kile kitambaa, akakitia na risasi zake nne kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika juu yake: saa sita na dakika hamsini mchana.

"Niombe radhi," Tauno alisema. Machozi yalikuwa yamefika kwenye ndevu. "Umeniulia ndugu mara ya pili. Angalau niombe radhi, binti wa Kalle."

Sajini Lempi Ojala alisimama, akapangusa theluji ya benchi kwenye suruali.

"Kwa Onni nakupa pole, Mzee Tauno, na nitakuwa pale tutakapomzika. Kwa hili siombi radhi."